Kashata Hajambo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nilishukuru kama adabu inavyotaka, ingawa mpaka leo sijui mstaafu anapewa saa aitazame akisubiri nini. Halafu Naima, mliyemkabidhi meza yangu hapo kliniki, akanishikilia: "Bi Mwanajuma, tuandikie yale ambayo hukutufundisha." Nimemkwepa, hakwepeki. Kila wiki anapiga simu. Basi haya, nimekaa barazani kwangu Mbweni na kalamu mkononi. Vyeo na mishahara hamtavikuta humu, hayo mnayajua wenyewe. Na anayetafuta maneno ya kutia moyo akaazime kwa mwingine, mimi yameniishia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vya ngozi, na kabla ya adhuhuri vilikuwa vimezama ndani ya samadi huko Mtoni. Nilipelekwa na mkubwa wangu wa kazi, Mzee Makame, mtu wa Tumbatu, aliyekuwa akiosha mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumgusa mnyama na mara nyingine tena baada ya kumgusa. Mwenye ng'ombe alitupokea kwa salamu ndefu. Akaulizwa nyumbani, akasema hawajambo. Akaulizwa watoto, hawajambo. Akaulizwa ng'ombe. "Hajambo," akasema, "ila hawezi kusimama."

Njiani kurudi Mzee Makame alicheka peke yake. "Umesikia? Hajambo, ila hawezi kusimama. Hapa kwetu, mwanangu, ugonjwa wote unakaa kwenye hiyo 'ila'. Wewe isubiri. Na mtu asiyekupa 'ila', huyo ndiye wa kumwogopa. Mguse mnyama wake kabla hujamwamini." Mimi nilikuwa nawaza viatu vyangu. Lakini neno lile lilinikaa, na nimewahi kulirudia kwa kila mmoja wenu, wengine mpaka mkachoka.

Alinifundisha pia kwamba chombo kikubwa cha kazi hii si kile kinachong'ara. Ni taulo kuukuu. Taulo jipya linateleza, tena linanuka sabuni, na paka akisikia harufu ya sabuni anajua kuna jambo. Taulo lililochakaa unamfunga nalo kama unavyofunga mkate wa kumimina kwenye kitambaa, kichwa nje, makucha ndani, na unasema naye taratibu huku mkono wako unatafuta chini ya tumbo. Nimewaachia langu kwenye droo ya chini. Msilitupe, na msilifue kwa sabuni ya unga.

Nilisomea ng'ombe na mbuzi. Paka walikuja wenyewe. Mji wetu huu umejaa paka, watu wanawapenda, wanawapa vichwa vya samaki, na hakuna anayewaza kwamba paka ataumwa mpaka aumwe. Wenzangu wa mwanzo walikuwa wakinitania, "Daktari wa paka, panya hawajambo?" Nikawaacha waseme. Watu husema mtu asiyekufa upesi ana roho ya paka. Aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kumwona dume aliyeziba mkojo.

Haya ya kuziba nimeyasema mara nyingi na nitayasema tena. Dume, mara nyingi mnene, mkaaji ndani, mlaji wa ng'onda na dagaa wakavu, hanywi maji. Anaingia kwenye kibati chake cha mchanga, anachuchumaa, anatoka, anaingia tena. Anajilamba. Analia sauti ya chini. Mwenyewe anadhani kafunga choo, anampa mafuta ya nyonyo, na siku inapotea hapo. Ukimshika utakikuta kibofu kigumu kama limau bichi. Kibofu kilichojaa ukakiminya kwa nguvu kinapasuka, kwa hivyo msiwe na kiherehere. Na mkumbuke kwamba mkojo usiotoka unarudi kwenye damu, ukifika moyoni unauchelewesha, mpigo mmoja, mwingine, halafu unasubiri wa tatu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, maana hayo mengine mnaweza kuyapata vitabuni.

Bi Saada alikuja asubuhi moja na mkoba wa ukili uliofunikwa kanga. Mjane, anakaa majumba ya Michenzani, ghorofa za juu. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anayekuangalia kama umechelewa hata kama umewahi.

"Shikamoo, Bi Saada."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani?"

"Hawajambo. Nani yupo hata aumwe? Nipo mimi."

"Na huyu?"

"Hajambo. Ila hajakojoa tangu jana."

Nikafunua kanga. Paka mkubwa, rangi ya kashata ya njugu, na jina lake ndilo hilo hilo, Kashata. Marehemu mumewe, Mzee Khatibu, alimwokota chini ya ngazi za jumba lao akiwa hajafumbua macho vizuri, akapanda naye juu ndani ya mfuko wa shati. Akamlea kwa maziwa na kitambaa. Mzee alipofariki, paka alikaa mlangoni mwa choo siku nyingi, kwa sababu mara ya mwisho alimwona akiingia humo.

Wakati namwandaa, Bi Saada alinambia kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. "Nikisema peke yangu ndani, majirani watasema nimerukwa na akili. Nikisema na paka, wanasema Bi Saada anampenda paka wake. Basi huyu ndiye anayenisitiri, mwanangu. Usiniulie." Hakulia. Alisema kama anayeagiza kilo ya mchele.

Tulimlaza, tukampitishia mpira mwembamba kama ujiti wa chelewa, tukasukuma maji ya chumvi pole pole, tukavuta mchanga na damu. Ulipofunguka, mkojo ulitoka rangi ya ukwaju. Mimi nilifurahi. Anayefanya kazi hii anafurahia mambo ambayo hawezi kuyasimulia mezani. Tukauacha mpira siku chache ili njia ipumzike. Bi Saada alipokuja kumtazama akauona umening'inia.

"Mpira," akasema.

"Naam, wa mkojo. Haumuumizi."

"Naujua. Nimeumwaga mwaka mzima wa Mzee Khatibu."

Nikajua basi kwamba mumewe aliumwa njia hiyo hiyo. Nikasema pole, akasema nshapoa.

Siku ya kumruhusu nilimwandikia vidonge vya kulegeza njia ya mkojo. Mnavijua. Kwa paka hatuletewi vya kwao, tunatumia vya binadamu, vile wanavyopewa wazee wa kiume, tunavigawa mpaka kinabaki kijipande cha kuokota kwa ncha ya kidole. Nikamwelekeza duka la dawa. Nikamwambia pia ng'onda basi, dagaa mkavu basi, ampe mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi, amwekee maji kila pembe ya nyumba. Alisikiliza yote. Alirudi kutoka dukani na boksi, akaliweka juu ya meza yangu, akaliangalia, akalitia mkobani. 

Nikawa nampigia simu. Hiyo ndiyo kazi yetu na msiiache: mgonjwa akitoka mlangoni hajaondoka.

"Kashata vipi, Bi?"

"Hajambo, alhamdulillah."

Siku ya pili hajambo, alhamdulillah. Nikaisubiri "ila", haikuja. Siku iliyofuata nikafunga kliniki mapema nikapanda ngazi za Michenzani, goti langu la kulia likinitukana kila ghorofa. Nikamkuta Kashata chini ya kitanda. Ile ngozi nyeupe ya pembeni ya jicho imepanda ikafunika nusu. Nilipomtoa alisimama, akaenda hatua mbili upande upande, miguu ya nyuma ikamkimbia, akakaa. Akatazama ukuta. Mwili baridi kidogo. Lakini mchanga wake ulikuwa umelowa vizuri, na hilo ndilo nililoling'ang'ania.

"Ni dawa, Bi Saada. Inashusha nguvu ya damu, ndiyo maana anayumba. Anakojoa, hilo ndilo kubwa. Hiki kizunguzungu atakizoea."

Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. "Atazoea," akasema.

"Inshaallah."

"Na Mzee Khatibu waliniambia atazoea." Akavuta mtoto wa meza, akatoa boksi lile nililomwandikia, halafu akatoa jingine, kuukuu, limebonyea, la jina lile lile. "Hivi hivi, mwanangu. Akiinuka kitandani anashika ukuta. Nasema, Bwana, mwambie daktari. Akenda, daktari anamuuliza, Mzee hujambo? Anasema sijambo, alhamdulillah. Unafikiri aseme nini, mtu mzima na watu wamejaa? Akainuka alfajiri kwenda kutawadha. Nikasikia ndoo tu."

 Neno nililokuwa nalo nilikuwa nshalitumia, na lilikuwa ni lile lile walilompa.

Mtasema ningebadilisha dawa. Nibadilishe nini? Nilipiga simu kila mahali ninapopajua. Nyingine haikuwapo kisiwani, na iliyokuwapo ingemwumiza figo ambazo zilikuwa tayari zimechoka. Nikapunguza kipimo, nusu ya kile kijipande, na Bi Saada akaniuliza swali la mtu mwenye akili zake: "Ukipunguza, haitaziba?" Nikamwambia sijui. Ukitumia dawa anaanguka, ukiacha anaziba, na katikati hapo tunapita kwa kubahatisha. Ndivyo nilivyomwambia. Alinishukuru kwa kumwambia ukweli, na mimi nilitamani asinishukuru.

Palikuwa na njia moja iliyobaki. Iko operesheni ya kumfungulia dume njia nyingine, pana, fupi, ambayo haizibi kirahisi. Mimi sijawahi kuifanya, na mikono yangu wakati ule haikuwa ya kuanza kujifunzia kwenye paka wa mjane. Nilikuwa na mwenzangu Dar es Salaam anayeifanya. Akakubali kumpokea, ila akasema, "Mlete akiwa na nguvu. Akija legelege hataamka na usingizi wa dawa." Nikamwambia Bi Saada hivyo hivyo, neno kwa neno: tumshikilie apate nguvu, akiweza kusafiri, nitakwenda naye mwenyewe.

Nikamwona kwa mara ya kwanza ana uso mwingine. Akaanza kutengeneza mkoba. Akaweka chini kanga aliyokuwa akijifunika Mzee, mto mdogo, akauliza kama kwenye boti paka wanatapika kama watu. Jirani yake mmoja alisimama mlangoni akasema, "Bi Saada nawe, sikio la kufa halisikii dawa." Nikamgeukia nikamwambia la kufa halisikii, ila la jirani linasikia kila kitu. Si adabu, najua. Sikuomba radhi na leo siombi.

Nikarudi kwenye simu zangu.

"Kashata vipi?"

"Hajambo, alhamdulillah. Anatembea, mwanangu. Leo kapanda dirishani mwenyewe."

"Macho?"

"Yako wazi kabisa, kama zamani. Hayumbi hata kidogo."

"Anakojoa?"

"Anakojoa."

Nilimpigia Naima kumwambia kipimo kidogo kimefaa, na Naima anakumbuka jinsi nilivyokuwa nikicheka. Kesho yake tena anatembea, anakula, kamkwaruza mtoto wa jirani. Nikakata tiketi. Nikamwambia mwenzangu wa Dar tunakuja, paka ana nguvu. Kila alichonambia Bi Saada kilikuwa kweli. Kashata alikuwa na nguvu, hayumbi, anapanda dirishani. Kwa miaka yote nilikuwa nimefundishwa kumwogopa mtu anayeficha ugonjwa. Sikufundishwa la kufanya na anayenieleza uzima.

Siku ya kuamkia safari alikuja kliniki bila kupiga simu. Mkoba mkononi, kanga ya Mzee ndani, na mimi nikadhani amekosea siku.

"Hajambo?" nikauliza. Nimeuliza kwa mdomo wangu.

"Hajambo," akasema. Midomo yake ilisema yenyewe, kama inavyosema ya kila mmoja wetu. Kisha akaweka mkoba juu ya meza na mikono yake ikabaki hapo hapo.

Kibofu kilikuwa jiwe. Ulimi baridi. Nikaweka sikio la chuma kifuani, nikasikia mpigo mmoja, mwingine, halafu nikasubiri. Tulifanya yote mnayoyajua. Dripu, sindano ya kuupa moyo nafasi, mpira. Naima alikuwa anashika kichwa, nami natafuta njia, na njia ilikuwa imevimba haipitishi hata maji. Huku nyuma yangu Bi Saada anazungumza kwa sauti ile ile ya kuagiza mchele.

"Nilimpumzisha vidonge. Ulisema apate nguvu za safari. Nikaona na hivi vinamlegeza, atasafiri vipi? Nikasema nimpumzishe siku hizi chache tu, akifika huko atapona, haitakuwa na haja navyo. Na kweli akapata nguvu. Hukuniona mwanangu nilivyofurahi. Kapanda dirishani."

"Alikuwa anakojoa, Bi?"

"Mpaka juzi. Jana nikaona anaingia mchangani, hatoki na kitu. Nikasema safari imekaribia, nisikusumbue. Ulikuwa umeshachoka na sisi."

Kashata alikufa mkono wangu uko chini ya tumbo lake. Nikaliondoa taulo. Bi Saada akauliza, "Kaanguka?" Nikamwambia hapana, kalala tu. Akasema, "Basi huyu hakuanguka." Akaitandua kanga ya Mzee, akamfunika.

Michenzani mtu hana hata shibiri ya ardhi, kwa hivyo tulimzika hapa kwangu, Mbweni, chini ya mbirimbi, mahali ninapopaona nikiandika. Bi Saada alikuja na alisimama mpaka mwisho. Alipokuwa anaondoka akanipa maboksi yote mawili, la paka na la mumewe, akasema yeye hana mahali pa kuyaweka. Na mimi sina. Yako juu ya kabati ya vyombo.

Watu wanapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi msemo huu siuwezi tena. Bi Saada hakuficha maradhi. Alitutii wawili kwa pamoja, mimi niliyesema ampe dawa, na mimi niliyesema ampe nguvu, na hayo mawili hayakai mwili mmoja. Naima alinambia si kosa langu. Sizungumzii kosa, mwanangu. Kosa lingekuwa nafuu, maana mtu akilijua kosa halirudii. Nimeligeuza jambo hili kila upande, nikitafuta pale ambapo mmoja wenu siku nyingine atafanya vingine na paka akaishi, niwaachie hilo kama nilivyowaachia taulo. Sijalipata. Dawa ilikuwa ile ile, kisiwa ni hiki hiki, na mtu akiulizwa hali atajibu alivyofundishwa na mama yake.

Nilifanya kazi miezi michache baada ya hapo, kisha mkaniaga. Nakwenda Michenzani nikijaliwa. Kibati cha mchanga bado kiko pembeni pa choo, mchanga mkavu, umesawazishwa. Bi Saada ananikaribisha, anachemsha chai, tunakaa. Hasemi na mtu ndani siku hizi, nimemuuliza jirani yule yule niliyemtukana, akasema nyumba kimya tangu asubuhi mpaka usiku. Nikimuuliza mwenyewe, Bi Saada hujambo, ananambia sijambo, alhamdulillah, na mimi daktari mstaafu sina cha kumshika nikajua ukweli. Wanyama tunawagusa. Watu tunawauliza.

Siku hizi nikiamka mikono inatafuta kazi haipati. Ile saa yenu nimeitungika mbele ya kitanda, inagonga vizuri. Kuna asubuhi siinuki mpaka jua limefika kwenye mbirimbi, na chai nimeacha kuipika, kwa sababu ya nani? Sauti yangu mwenyewe nikiisikia naishtukia.

Naima, jana umepiga simu kuulizia maandishi haya. Ukaanza kwa salamu kama mtoto aliyelelewa: "Shikamoo, Bi Mwanajuma, hujambo?" Nikakujibu marahaba, sijambo, alhamdulillah. Ukasema umefurahi kusikia hivyo, ukakata simu.